Mkifika Kinamasini, Msipite Haraka

Wanangu mnaopenda kutembelea maziwa ya Nyanda za Juu Kusini, njia zenu nazijua. Mnashukia kwenye barabara ya Mbeya na Tukuyu, mnaupanda msitu wa Uporoto mkihema hadi ukingoni mwa Ngozi, mnalitazama ziwa lililotulia chini kabisa ndani ya shimo la volkano, mnapiga picha, mnateremka. Kesho yake mko Masoko, mnauliza habari za dhahabu na silaha ambazo inasemekana Wajerumani walizitosa majini wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Hayo nimeyaona miaka nenda miaka rudi na bado yananifurahisha, kwa kuwa macho ya kijana huanza na king'aacho. Ila kati ya ziwa na ziwa kuna mahali mnapovuka mkilalamikia viatu vyenu, na hapo ndipo ninapotaka mkae kidogo.

Nasema kinamasi.

Kile cha uwanda wa Kitulo, kile cha mabonde ya Mufindi na Njombe, chenye ndago na matete, ambacho ukikikanyaga ardhi inabonyea, kisha inajiinua nyuma yako. Chini ya yale majani mna mboji nyeusi tititi. Hiyo si sawa na udongo wa shambani. Ni majani na mizizi iliyokufa, ikazama, ikakosa hewa, ikashindwa kumaliza kuoza. Kila mwaka tabaka jipya hulala juu ya lile la jana, nalo ni jembamba, milimita moja hivi, na mara nyingi halifiki hapo. Basi mkichomeka fimbo ikazama mita moja katika mboji, ncha yake imegusa mimea iliyokufa miaka elfu moja iliyopita au zaidi. Haba na haba hujaza kibaba, twasema sokoni. Hiki kibaba kilianza kujazwa kabla hatujajua kupima.

Hata pale Masoko, hazina ninayoiamini ni tope la chini. Watafiti walilitoboa wakatoa nguzo ndefu za tope hilo, na ndani yake wakasoma habari za mvua na ukame wa zaidi ya miaka 40,000. Dhahabu sijaisikia ikitoka. Tope limetoka, na limesema mengi.

Sasa nije kwenye ule mchezo ambao nimeutazama kwa miaka mingi, baba akiucheza, kisha mwana, na sasa mjukuu ameshika jembe lilelile. Watu wa Iringa na Njombe hulima vinyungu. Mlimani pakikauka, bondeni bado kuna unyevu, basi mtu hushuka, akainua matuta pembeni mwa kinamasi, akapanda mahindi mabichi, maharage, viazi na mboga za kupeleka gulioni wakati bei ni nzuri. Simlaumu hata kidogo. Ada ya shule haingojei masika, na tumbo halijui kusubiri. Kinyungu cha pembeni, chenye matuta mafupi, kimewalisha watu wengi bila kukidhuru kinamasi, na mwenye kukilaani huyo ana ghala lililojaa.

Tatizo ni mtaro wa katikati. Atatokea mmoja mwenye nguvu na haraka, atachimba mfereji mrefu kutoka moyo wa kinamasi hadi kijitoni ili maji yatoke yote, na bonde zima liwe shamba. Mwaka wa kwanza mahindi yake yanatisha kwa unene, kwa sababu ile mboji imekutana na hewa, imeanza kuoza kwa kasi, na kilichowekwa kwa karne nyingi kinamwagwa kwa msimu mmoja. Jirani anaona. Naye anachimba. Mwaka wa tatu au wa nne ardhi imeanza kudidimia, kwa kuwa mboji ikikauka husinyaa, na ikioza hupungua. Mtaro uliokuwa na kina jana leo hautoshi, unachimbwa tena, na ardhi inashuka tena. Ametoboa mtungi ili achote upesi, kisha anashangaa kwa nini jikoni hakuna maji.

Halafu moto. Mtu anachoma magugu kama alivyochoma baba yake mlimani, jioni anaona umezimika, anaenda kulala. Lakini mboji kavu ni kuni. Moto huzama chini, hutambaa polepole pasipo ndimi, hufuka moshi kwa wiki nzima au zaidi, na kumwaga ndoo za maji juu yake ni kujichosha. Mboji ikishaungua, hubaki jivu na mashimo. Ikikauka bila kuungua, huwa vumbi linalokataa maji. Mvua ya kwanza huteleza juu yake ikaenda zake. Kisha chemchemi ya chini ya bonde inapungua, na akina mama ndio wanaojua mapema kuliko afisa yeyote, kwa kuwa ndio wanaorefushiwa njia. Na juu ya yote anakuja mwingine kupanda milingoti ukingoni, mti unaokunywa maji bila huruma, kwa sababu nguzo zina soko.

Mtasema hayo ni mambo ya kijiji. Yafuateni maji yenyewe. Vijito vya Kitulo huteremka hadi bonde la Usangu, vikalisha kinamasi kikubwa cha Ihefu, na Ihefu ndiyo inayoutolea Ruaha Mkuu maji ya kiangazi. Mpunga ulitanuka, mifereji ikaongezeka, mifugo ikajaa, na tangu 1993 Ruaha ule ukaanza kukatika kabisa wakati wa kiangazi, viboko wakisongamana katika madimbwi ya mwisho. Chini yake kuna mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Wa Dar es Salaam waliokaa gizani kwa mgao wa umeme wa 2006 waliambiwa kwamba Mtera imepungua, nao wakaitazama mbingu. Ni kweli ukame ulikuwepo. Lakini mbingu haikuchimba mifereji ya Usangu.

Na uzuri ni kwamba kosa hili linarekebishika, nami nafurahi kulisema hilo kuliko lolote. Kaskazini mwa Rwanda kuna kinamasi cha Rugezi, kinacholisha maziwa ya Burera na Ruhondo, na maziwa hayo ndiyo yanayozungusha mitambo ya umeme ya Ntaruka na Mukungwa. Rugezi ikakaushwa kwa ajili ya kilimo, ziwa Burera likashuka, na kufikia 2004 nchi ikawa inakodi majenereta ya dizeli kwa gharama iliyouma. Wakaziba mifereji. Wakaondoa mashamba ndani ya kinamasi, wakapanda majani na mianzi pembeni, wakatengeneza matuta kwenye miteremko. Wapo waliopoteza vishamba vyao, na hilo lisifichwe, maana maskini ndiye hutangulia kulipa. Lakini maji yalirudi, na umeme pamoja nayo.

Kongo nako, mwaka 2017 watafiti walitangaza kwamba chini ya misitu ya kinamasi katikati ya bonde la mto Kongo imelala mboji iliyoenea takriban kilomita za mraba 145,500, kubwa kuliko yoyote iliyojulikana katika nchi za joto. Duniani kote mboji imeshika asilimia 3 tu ya nchi kavu, lakini kaboni iliyomo inazidi ile ya miti ya misitu yote ikijumlishwa. Kuikausha mboji ni kuiachia kaboni hiyo hewani.

Niseme na la chikanda, maana ni la jikoni. Viazi vya okidi za porini huchimbwa katika nyanda hizi, vingine hukohuko penye unyevu, vikavushwa mpaka kwenda Zambia, vikasagwa na kupikwa pamoja na karanga. Ni chakula kitamu na sina ugomvi na mlaji. Ila kila kiazi ni mmea uliong'olewa, na huvunwa mamilioni. Hiyo ni moja ya sababu Kitulo ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Mkitembea huko mkakuta mashimo madogo mengi mahali penye maua machache, mmejua.

Basi mkienda, nendeni na mwenyeji. Shikeni fimbo ndefu, pimeni kabla ya kukanyaga, wekeni mguu kwenye mashina ya ndago na si penye kijani laini kinachokonyeza, na asitembee mtu peke yake, kwani kinamasi hakina haraka na aliyezama. Msiwashe moto wa chai juu ya mboji. Mkikuta mtaro wa katikati, msianze kumsomea mkulima sheria ya mazingira ya 2004 na mita zake 60 kutoka chanzo cha maji. Anaijua, ameisikia mkutanoni. Muulizeni anavuna nini, na miaka mitano iliyopita alivuna nini. Mara nyingi atawajibu mwenyewe, kwa masikitiko, kwamba shamba limechoka. Hapo ndipo mumwambie kwamba mfereji huzibwa, na mjitolee mikono. Hauzibwi mahali pamoja, maji yatapasua. Huzibwa kwa vizuizi vingi vifupi, kimoja baada ya kingine kufuata mteremko, kwa mabonge ya mboji mbichi yenye majani yake, yakishindiliwa na kushikwa kwa vigingi. Ukingoni pandeni mivengi, miti ya asili inayopatana na maji, badala ya milingoti. Vinyungu vya pembeni vibaki, ale. Na kazi hiyo ifanyike Oktoba, kabla mvua za Novemba hazijafika.