Wajibu wa Jeshi Mgeni

Vita vya kujikinga huwa na mwanzo ulio dhahiri; mwisho wake ndio wenye mashaka. Mtu wa Nyakakika, katika Karagwe, hakuhitaji mwanafalsafa kumweleza kwa nini Tanzania ilishika silaha mwaka 1978. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamelitwaa eneo la kaskazini ya Mto Kagera na kulivunja daraja la Kyaka. Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba sababu, uwezo na nia ya kupigana vipo. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na mwanzoni mwa Juni mapigano yakafika mpaka wa Sudan. Hapo likazuka swali gumu zaidi: jeshi lililoingia kwa haki katika nchi ya jirani lapaswa kutoka lini?

Askari wa Tanzania walikaa Uganda hata katikati ya mwaka 1981. Katika muda huo Lule alitawala siku 68, Binaisa akamfuata na kupinduliwa, na uchaguzi wa Desemba 1980 ukamrudisha Obote huku wapinzani wake wakiukataa. Tarehe 6 Februari 1981 Yoweri Museveni akaishambulia kambi ya Kabamba. Tangu siku ile jambo liligeuka: aliyeshika bunduki hakuwa tena askari wa mvamizi, bali raia mwenye madai juu ya serikali yake.

Wako wanaosema kuwa kuondoka wakati kama ule ni kumtupa mnyonge. Hoja yao ni nzito, kwa maana baada ya hapo Luwero iligeuka makaburi ya raia wengi. Wengine husema hazina ya Tanzania ilikuwa imekauka. Hilo nalo ni kweli, lakini umaskini hueleza kushindwa kwa mtu. Hauelezi wajibu wake.

Kwa rai yangu, kuondoka kulikuwa haki. Nguvu za mgeni haziwezi kuziba pengo la ridhaa baina ya mwenyeji na watu wake. Marekani ilikaa Afghanistan miaka 20, na serikali iliyoilea ikaanguka Agosti 2021 kabla askari wa mwisho hajapanda ndege. Kama jeshi letu lingalibaki, lingalilazimika kumpigania mtawala dhidi ya raia zake, au kupigana na mtawala mwenyewe. Katika njia zote mbili mgeni angaligeuka mwenye nyumba, na sababu iliyomvusha mto ingalikufa mikononi mwake.

Walakini haki ya kuondoka si kuoshwa deni. Aliyesaidia kuunda jeshi jipya na kulikabidhi silaha hawezi kusema kuwa matendo ya jeshi lile hayamhusu. Hesabu ya kuondoka haianzi siku magari yanapogeuka kuelekea Mutukula. Huanza siku ya kwanza ya kukaa, katika kuchagua nani apewe bunduki, nani amsimamie, na raia aliyeonewa ashtaki wapi. Asiyeyatengeneza hayo mapema, akiondoka leo au baada ya miaka kumi, huacha nyuma yake msiba ule ule.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakuhesabu siku za mgeni. Walitaja kupona kwa mwenyeji. Kipimo hicho chatosha kumhukumu jemadari na mtawala pia.