Msiba wa Jirani Si Hukumu ya Taifa Lake

Nyumba ikishika moto usiku, jirani mwema hukimbia na ndoo ya maji. Hasimami uani kuuliza mwenye nyumba ni wa kabila gani, wala hahesabu makosa ya babu yake. Hayo twayajua sote, nasi twawafundisha watoto wetu tangu wangali wadogo. Lakini siku hizi tetemeko la nchi au mafuriko yanapowapata watu wa mbali, wapo wanaoshika simu zao za mkononi si kwa kuwaombea wala kuwasaidia, bali kwa kuwatukana kwa ajili ya taifa lao na rangi yao. Juu ya jambo hilo twataka kusema leo, kwa kuwa ni dhambi, tena ni dhambi iwezayo kuua.

Siku ya Ijumaa, tarehe 11 Machi 2011, nchi ilitetemeka kwa nguvu chini ya bahari, mashariki ya Japani. Bahari ikainuka, ikaingia nchi kavu, ikabeba nyumba na magari na watu. Zaidi ya watu 18,000 walikufa au hawakuonekana tena. Katika shule moja ya msingi mjini Ishinomaki walipotea watoto 74 na walimu 10. Maiti walikuwa hawajazikwa, na akina mama walikuwa wangali wakitafuta watoto wao matopeni, wakati watu kadha wa kadha huko Marekani walipoandika katika Facebook na Twitter kwamba Wajapani wamelipwa kwa ajili ya Pearl Harbor, bandari iliyoshambuliwa na ndege za Japani tarehe 7 Desemba 1941.

Katika shambulio lile walikufa Waamerika zaidi ya 2,400, na jamaa zao waliwalilia kwa machozi ya haki. Lakini watoto wa Ishinomaki walifanya nini? Hata wazazi wa wengi wao walikuwa hawajazaliwa mwaka ule wa 1941. Mtu anayeandika maneno kama hayo hamwoni tena mtoto aliyechukuliwa na maji. Aona taifa tu. Na huo ndio ubaguzi: kuwavika watu wote wa asili moja hatia moja, kama kwamba ni vazi la ukoo, hata mtoto mchanga asisazwe. Nabii Ezekieli aliwakataza Waisraeli zamani sana wasidhani kwamba mtoto hulipa deni la dhambi ya baba yake. Twafaa kuongeza kwamba Waamerika wengi walichukizwa na maneno yale, wakachanga fedha nyingi kwa ajili ya waliopatwa.

Bwana wetu Yesu Kristo alinena juu ya jambo kama hilohilo. Mnara wa Siloamu ulikuwa umeanguka na kuwaua watu kumi na wanane mjini Yerusalemu. Watu walipenda kudhani kwamba waliokufa walikuwa wakosefu kuliko wengine. Yeye alikana kabisa dhana hiyo, kisha akawageuzia wasikilizaji macho yao: watubu wao. Basi Mkristo aonapo msiba wa mwenzake, amekatazwa na Mwalimu wake mwenyewe kujifanya hakimu. Neno la kwanza analopaswa kusema ni sala. La pili ni msaada. La tatu ni kujichunguza moyo.

Labda msomaji atasema: Hayo ni maneno tu, maneno hayamvunji mtu mfupa. Twamwomba asome habari za Japani hiyohiyo, ili ajue pia kwamba hakuna taifa lisilo na hatia katika jambo hili. Tarehe 1 Septemba 1923, karibu na saa sita mchana, tetemeko kubwa liliangusha miji ya Tokyo na Yokohama. Watu walikuwa wakipika chakula cha mchana. Moto ukatoka majikoni ukateketeza mitaa kwa mitaa. Walikufa watu zaidi ya 100,000. Wakati huo Korea ilikuwa chini ya utawala wa Japani tangu mwaka 1910, na Wakorea wengi walikuwa wamekuja kutafuta kazi. Uvumi ukaenea kwamba Wakorea wanatia sumu visimani na kuwasha moto. Hakuna aliyeona, kila mmoja alisikia kwa mwenziwe. Magazeti yakauandika, na Wizara ya Mambo ya Ndani yenyewe ikaupeleka mikoani kwa simu ya upepo.

Matokeo yake ni ya kutisha. Raia walijiunga vikundi, wakashika mapanga na mikuki ya mianzi, wakasimama njiani. Askari na polisi wengine wakashiriki. Mpita njia alilazimishwa kutamka maneno yaliyo magumu kwa ulimi wa Mkorea. Aliyekosea aliuawa, kama Biblia isimuliavyo juu ya wakimbizi waliopimwa kwa matamshi vivukoni mwa Yordani. Wakorea maelfu waliuawa hivyo, na hesabu itajwayo mara nyingi ni kama 6,000. Waliuawa pia Wachina, hata na Wajapani wa mikoa ya mbali ambao matamshi yao yalionekana ya kigeni. Hivyo kuvunja Amri ya Nane kulifungua mlango wa kuvunja Amri ya Tano.

Tusidhani kwamba uvumi ule ulizikwa pamoja na waliouawa. Tetemeko lilipopiga Kumamoto mwezi wa Aprili 2016, na tena lilipotikisa upande wa Fukushima mwezi wa Februari 2021, watu waliandika mitandaoni kwamba Wakorea wametia sumu visimani. Ni uongo uleule, ila sasa hauhitaji magazeti wala simu ya upepo. Kidole kimoja chatosha kuupeleka kwa maelfu kabla mtu hajamaliza kunywa chai.

Lakini katika giza lile la 1923 kulikuwa na taa. Huko Tsurumi, ambako sasa ni sehemu ya mji wa Yokohama, mkuu wa polisi Okawa Tsunekichi aliwapa hifadhi kituoni watu kama 300, wengi wao Wakorea, umati ukiwataka nje. Inasimuliwa kwamba aliletewa chupa zilizodaiwa kuwa na sumu, akanywa kilichomo mbele ya watu wote. Hakuwa na jeshi kubwa. Alikuwa na ukweli, naye akakubali kuujaribu kwa mwili wake mwenyewe.

Basi yatupasa nini katika nyumba zetu? Kwanza, tusipeleke mbele neno tusilolijua kuwa kweli, hasa neno linalotaja kabila au taifa la watu. Ulimi hauna mfupa, na simu haina hata ulimi. Pili, tusinyamaze. Ndugu au rafiki akileta tusi la namna hiyo katika kundi la jamaa au la jumuiya, tumjibu palepale kwa upole na kwa ukweli. Yawezekana tutachekwa, hicho ndicho kikombe chetu kidogo cha kunywa mbele ya watu. Tatu, aliyekwisha kueneza masingizio asidhani kwamba kuungama kwatosha. Aliyeiba ng'ombe hana budi kumrudisha. Aliyeiba jina jema la watu hana budi kulirudisha mbele ya walewale waliosikia.

Nanyi wazazi, kumbukeni Katesh. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yalishuka kutoka mlima Hanang, yakaua watu zaidi ya 80. Tuliwalilia kama ndugu zetu. Je, mgeni angaliandika siku ile kwamba wamestahili kwa sababu ya kabila lao, tungalimwitaje? Waulizeni watoto wenu swali hilo jioni hii. Kisha, pigeni magoti pamoja nao, mkawaombee wote wanaolia usiku huu chini ya vifusi vya nyumba zao, wala msimwulize Mwenyezi Mungu ni wa taifa gani.