Msingi Uliofichika

Neno la kutafakari: Luka 6:46-49



Mfano huu wa nyumba mbili twaujua tangu utoto wetu. Lakini yafaa tuusome tena polepole, kama asomavyo mtu anayetaka kujenga. Bwana wetu hasemi kwamba nyumba moja ilikuwa ya mawe na ya pili ya udongo. Wala hasemi kwamba moja iliezekwa kwa vitu vya thamani na nyingine kwa nyasi. Kwa macho ya mpita njia huenda zilifanana kabisa. Luka atuonyesha tofauti yake: mmoja alichimba, akaenda chini sana hata akaufikia mwamba, wa pili alijenga juu ya ardhi tu, pasipo msingi. Mto ulipofurika, kilichofichika kikajulikana.

Tena tukumbuke ni nani asemaye. Watu wa Nazareti walimjua kuwa seremala (Marko 6:3), na neno lile la Kiyunani laweza kumtaja fundi wa kujenga pia. Alikulia katika nchi ambayo wengi walikaa katika nyumba za mawe na udongo, na paa lilikuwa la boriti, matawi na udongo ulioshindiliwa. Ndiyo maana wale watu wanne wa Kapernaumu waliweza kulitoboa paa na kumshusha mgonjwa wao (Marko 2:4). Basi Bwana wetu hakuidharau nyumba ya udongo. Aliingia ndani yake, akala, akafundisha, akaponya.

Twaandika haya kwa sababu ya jambo tunaloliona katika sharika zetu za mlimani Kilimanjaro, nalo latuhuzunisha. Kijana akitaka kuoa aona haya kujenga kwa udongo. Akopa fedha, anunua saruji na matofali ya kuchoma, na siku ya kulipa yafika kabla ya paa. Kisha akata miringaringa iliyopandwa na babu yake, au auza kipande cha kihamba, apate kulipa deni. Kuta zasimama nusu, majani yaota vyumbani, na mwenye nyumba hana raha hata anapokuja kanisani. Bwana alikwisha kutuonya katika Luka 14:28 kwamba ajengaye hana budi kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Lakini aibu haihesabu.

Wala sisi tunaoandika hatuna haki ya kumtupia jiwe mtu yeyote. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa miongoni mwa wazee wa usharika mmoja, tukapewa kazi ya kutengeneza nyumba ya mwinjilisti. Nyumba ile ilikuwa ya miti na udongo, nayo ilikuwa imesimama muda mrefu. Tuliionea haya mbele ya wageni. Tukachanga fedha, tukaisiriba kwa saruji upande wa nje, tukaipaka rangi nyeupe. Mawe ya chini yalikuwa yamelegea, tukayaacha. Upenu ulikuwa mfupi, tukauacha vile vile, maana fedha zetu zote zilikwenda usoni. Ilipendeza kama yale makaburi yaliyopakwa chokaa, ingawa siku ile neno hilo la Bwana hatukulikumbuka.

Masika mawili hayakupita. Saruji ilipasuka nyufa nyembamba, na maji yakaingia nyuma yake yasipate njia ya kutoka. Maana udongo hunywa unyevu na kuutoa tena kama pumzi, bali saruji huufungia ndani. Chini ya ule weupe ukuta uligeuka kuwa tope. Usiku mmoja ukuta wa chumba cha watoto ukaanguka. Mungu aliwahurumia; usiku huo walikuwa wamelala kwa bibi yao. Asubuhi mzee mmoja fundi akaja, akachukua lile tope mkononi, akatuambia, "Wazee wangu, nyumba hii haikuomba uso mpya. Iliomba viatu na kofia."

Tuliona haya kuliko tulivyowaonea haya wageni. Kisha tukamwomba atufundishe.

Alituambia kwamba ukuta wa udongo hauuawi na uzee, huuawa na maji. Na neno lake ni kweli. Katika nchi ya Yemen, bonde la Hadhramaut, uko mji wa Shibam, wenye nyumba za ghorofa nyingi zilizojengwa kwa matofali ya udongo yaliyokaushwa juani. Nyingi kati yake ni za tangu karne ya 16. Zimedumu kwa sababu wenyeji huzitunza na kuzisiriba upya. Tena mafuriko ya mwaka 2008 yalipoupiga mji ule, yalionyesha adui wa udongo ni nani.

Safari ya pili, basi, tulianza kwa jembe. Tulichimba mpaka kwenye ardhi ngumu, tukapanga mawe hata yakainuka juu ya ardhi kiasi cha nusu mita. Udongo mweusi wa juu fundi alikataa tusiutumie, akaamuru upelekwe migombani, maana huo ni wa kulisha watu. Akachukua ule wa chini, akautia katika chupa ya maji, akaitikisa, akaiacha itulie. Mchanga ulikaa chini, mfinyanzi ukatulia juu yake, naye akatuonyesha kipimo: mfinyanzi ukizidi, ukuta hupasuka, mchanga ukizidi, ukuta humomonyoka. Tukakanyaga udongo pamoja na nyasi zilizokatwa, wanakwaya na wazee pamoja, tukakandika, tukasiriba kwa udongo na mchanga. Upenu tukaurefusha hata mvua ikadondoka mbali na ukuta. Fedha kidogo zilizobaki tulinunulia mifereji ya bati na pipa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Hivyo paa la mita 40 za mraba, mvua ikinyesha milimita 10, hukusanya karibu lita 400. Mama mwinjilisti hakwenda tena mtoni kwa maji wakati wa masika. Nyumba hiyo yasimama hata leo, wala hatudaiwi na mtu.

Ndugu wapenzi, kama ilivyo nyumba, ndivyo kilivyo kihamba. Wazee wetu walipanda kwa tabaka: juu miti mikubwa ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi na maharage. Ng'ombe na mbuzi walilishwa zizini, na samadi yao ikarudi shambani. Maji yaliletwa kwa mfongo, uliochimbwa na kusafishwa na wote, maana aliye juu akiuharibu, aliye chini hufa kiu. Mwaka 1978 Bill Mollison na David Holmgren wa Australia walitoa kitabu cha kilimo kinachofuata njia za msitu, ambacho wengine hukiita kilimo cha kudumu. Na wengi wakakiona kuwa kitu kipya. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliviingiza vihamba vya Shimbwe Juu katika orodha ya urithi wa kilimo wa dunia. Wageni waliona thamani ya kile ambacho sisi twakikata ili tulipe deni la saruji. Tena nguvu ya kihamba haionekani kwa macho. Imo chini, katika udongo mweusi na mizizi. Akatae miti, mvua huuchukua udongo huo. Naye mtoto wake atapanda juu ya ardhi tu, pasipo msingi.

Luther, katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, anapoeleza ombi la mkate wa kila siku, ahesabu humo pia nyumba, shamba na mifugo. Hivyo kila tunapoisali Sala ya Bwana twaomba vitu hivi. Je, tutaviomba asubuhi na kuvidharau jioni?

Mtu asitusikie vibaya. Nyumba ya udongo haimwokoi mtu, wala nyumba ya saruji haimpotezi. Mwenye uwezo wa kujenga kwa mawe na saruji bila deni, na ajenge kwa shukrani. Msingi wetu ni mmoja tu, Yesu Kristo (1 Wakorintho 3:11), nao hatukuuchimba sisi. Tulipewa kwa neema. Lakini aliyepewa mwamba hana sababu ya kuishi kwa ajili ya uso wa ukuta. Amekwisha kukubaliwa na Mungu. Ya nini basi kununua heshima ya jirani kwa kihamba cha watoto wake?

Nanyi vijana, kabla ya kukopa, mwiteni fundi mzee, chimbeni naye. Nanyi wazazi, msiwacheke watoto wenu wakianza kwa udongo. Maana mara nyingi ni kicheko chetu kilichowapeleka kwenye deni. Nanyi walimu wa Injili, mnapozuru nyumba, msitazame kuta tu. Ulizeni kwa upole kama mwenye nyumba alala usingizi. Na palipo na ukuta uliolegea, itisheni majirani na majembe, nanyi muwe wa kwanza kukanyaga udongo.

Ee Bwana, uliyetufinyanga kwa mavumbi ya nchi, utuondolee aibu isiyo na maana. Utufundishe kuchimba chini, na kukutegemea wewe uliye mwamba wetu, ili siku ya mto kufurika tuonekane tumesimama. Amina.