Lugha Ileile, Lugha Nyingine

Kiingereza huhesabiwa kuwa lugha moja yenye umri wa takriban miaka 1,500. Hesabu huanzia karne ya 5, baada ya utawala wa Rumi kukoma Britania, pale Waanglo, Wasaksoni na Wajuti walipovuka bahari kutoka pwani ambazo leo ni za Ujerumani, Uholanzi na Denmark, wakalowea kisiwani na lahaja zao za jamii ya Kigermanik. Lakini Mwingereza wa leo akipewa shairi la Beowulf, lililohifadhiwa katika mswada wa karibu mwaka 1000, hawezi kulisoma mpaka afundishwe, kama afundishwavyo lugha ya kigeni. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo historia peke yake haiwezi kulijibu: ikiwa karibu kila kilichomo ndani ya lugha kimebadilika, ni nini kinachohalalisha kusema kwamba lugha ni ileile?

Jibu la kwanza hutafutwa katika msamiati, na halipatikani huko. Wavikingi wa Skandinavia waliovamia kuanzia mwisho wa karne ya 8 na kisha kukaa mashariki na kaskazini ya Uingereza waliacha maneno yao katika mambo ya kila siku: kisu, anga, sheria, dirisha. Waliacha hata viwakilishi vya nafsi ya tatu wingi, “they” na “them”, jambo la nadra sana, kwa kuwa lugha hukopa majina ya vitu kwa urahisi lakini hushikilia viwakilishi vyake. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa wakashinda vita vya Hastings, na kwa muda wa karne tatu hivi Kifaransa kikawa lugha ya ikulu, mahakama na mabwana wa ardhi. Sheria ya mwaka 1362 iliyoamuru mashauri yasikilizwe kwa Kiingereza, kwa sababu wananchi hawakukielewa Kifaransa, yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Leo sehemu kubwa ya maneno yaliyomo katika kamusi za Kiingereza ina asili ya Kifaransa au Kilatini, ingawa yale mafupi yanayotumika zaidi katika mazungumzo bado ni ya asili ya Kigermanik.

Sarufi nayo haikusalimika. Katika Kiingereza cha Kale nomino zilikuwa na jinsia tatu zisizofuata maumbile: jua lilikuwa la kike, mwezi wa kiume, na “wif”, yaani mwanamke, halikuwa la kike wala la kiume. Mwisho wa neno ulionyesha nani katenda na nani katendwa, hivyo maneno ya sentensi yaliweza kupangwa kwa njia kadhaa bila maana kupotea, kama ambavyo viambishi vya kitenzi cha Kiswahili humwezesha msemaji kutanguliza mtendwa akitaka. Miishio hiyo haikubebwa na mkazo wa sauti. Ikafifia matamshini, na wataalamu wengi wanaona kuwa kuchanganyika kwa Waingereza na Waskandinavia kuliharakisha kupotea kwake. Mpangilio wa maneno ukachukua kazi yake. Lugha iliyoeleza uhusiano kwa umbo la neno ikawa lugha ya kuueleza kwa nafasi ya neno, na hayo ni mageuzi ya msingi kuliko kukopa maneno elfu kumi.

Sauti ndizo zilizobadilika bila kelele. Kati ya karne ya 15 na ya 17 hivi, irabu ndefu za Kiingereza zilihama zote kutoka mahali pake kinywani. Neno “name” lilikuwa likitamkwa karibu kama msomaji wa Kiswahili angelisoma kwa herufi zake, “naame”. “Knight” lilianza na k inayosikika, na herufi gh zilisimamia sauti iliyokaribia kh. Matbaa ya kwanza ya Uingereza, aliyoifungua William Caxton huko Westminster mwaka 1476, ilifanya kazi wakati mhamo huo ukiendelea. Tahajia ikaanza kuganda, matamshi yakaendelea na safari. Mwanafunzi wa Tanga au Kisumu anayelalamika kwamba Kiingereza hakisomwi kinavyoandikwa ana haki ya kulalamika: anachokiona kwenye ukurasa ni, kwa sehemu kubwa, matamshi ya watu waliokufa zaidi ya miaka 500 iliyopita.

Caxton mwenyewe aliandika mwaka 1490 kisa kinachoonyesha mabadiliko yalivyo machoni mwa wanaoishi ndani yake. Wafanyabiashara waliokuwa njiani kwenda ng’ambo kwa chombo walikwama mtoni Thames kwa kukosa upepo, wakashuka kutafuta chakula. Mmoja akaomba mayai, akisema “eggys”. Mama mwenye nyumba akajibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Mfanyabiashara akakasirika, maana naye hakujua Kifaransa. Mwenzake aliposema “eyren”, yule mama akaelewa mara moja. Neno la kwanza lilikuwa la Waskandinavia, la pili la asili ya Kiingereza cha Kale, na la asili ndilo lililokufa. Mama yule hakukosea hata kidogo kwa mahali pake na siku yake. Hakuna aliyepiga kura dhidi ya neno lake, wala hakuna mwaka unaoweza kutajwa kuwa ndio lilipokoma.

Kwa hiyo umoja wa lugha haumo katika neno, kanuni wala sauti yoyote iliyodumu tangu mwanzo. Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein, katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1953, aliandika kuhusu dhana kwa mfano wa uzi unaosokotwa: nguvu yake haitokani na unyuzi mmoja unaopita urefu wote, bali na nyuzi nyingi zinazopishana. Lugha inastahili mfano huo zaidi kuliko dhana nyingi. Katika kila kizazi mtoto alimwelewa mama yake, na mama alikuwa amemwelewa wake. Kila mmoja aliamini kuwa anasema alichorithi, na kila mmoja alikirithisha kikiwa na tofauti ndogo ambayo hakuiona.

Hata hivyo, mfululizo huo hautoshi kuamua jina. Kilatini nacho kilirithishwa hivyohivyo, mzazi kwa mtoto, mpaka kikawa Kiitaliano, bila siku ambayo Mroma aliamka akisema lugha mpya. Huko watu wametoa majina mawili. Uingereza wamebaki na moja, ijapokuwa wasomi wengi wa karne ya 19 waliita lugha ya Beowulf Kianglo-Saksoni, kana kwamba ni nyingine. Kilichotofautisha ni siasa, dini na mipaka ya nchi. Jina la lugha ni uamuzi wa jamii kuhusu nani inamhesabu kuwa babu yake.

Walikuwapo waliotaka kuusimamisha mwendo. Mwandishi Jonathan Swift alipendekeza mwaka 1712 kiundwe chombo cha kusahihisha lugha na kuithibitisha daima. Samuel Johnson alianza kamusi yake akiwa na matumaini ya jinsi hiyo. Ilipotoka mwaka 1755, alikiri katika dibaji kwamba hakuna mtunga kamusi awezaye kuikinga lugha na mabadiliko. Ungamo hilo lina thamani kuliko fasili zake nyingi, kwa sababu limetoka kwa mtu aliyeijaribu kazi yenyewe.

Ni kosa pia kudhani kwamba kukua ni kuongezeka tu. Kiingereza kilipoacha “thou” katika matumizi ya kawaida na kubaki na “you”, kilipoteza tofauti kati ya wewe na ninyi, na lahaja zake mpaka leo zinatafuta namna ya kuirudisha. Wala wingi wa maneno si fadhila ya lugha yenyewe. Kiingereza kilijaa maneno ya wengine kwanza kwa sababu wasemaji wake walishindwa vitani, kisha kwa sababu walitawala wengine, na biashara, utumwa na himaya vikakipeleka Amerika, India na Afrika. Anayesifia utajiri wa msamiati huo bila kutaja njia zilizouleta hasemi ukweli wote.

Matokeo ya kuenea huko ni kwamba wanaotumia Kiingereza kama lugha ya pili sasa ni wengi kuliko waliozaliwa nacho, na wanakibadilisha kama alivyokibadilisha Mskandinavia na Mnormani. Neno safari liliingia humo katika karne ya 19, na maana yake ikabanwa hadi msafara wa kuwinda au kutazama wanyama. Mwaka 2022 kamusi kuu ya Oxford iliingiza maneno kadhaa ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, yakiwemo “asante sana” na “sambaza”, lile la kutumiana salio la simu.