Pima Kina Kabla ya Kuleta Meli

Sisi wa Itungi hatuhitaji kufundishwa habari za kina cha maji. Tumeona mchanga ukijaza bandari yetu hadi shughuli za meli zikahamia Kiwira. Lakini ilipofika zamu ya kompyuta, mimi mwenyewe nilisahau kupima.

Karani wa chama kimoja cha wakulima wa kakao aliniletea laptop ya mtumba yenye RAM ya GB 2. Alitaka mfumo wa bure, apumzike kutokana na virusi. Nikamwekea Ubuntu 18.04, mfumo wa Linux, kwa sababu ilikuwa kwenye flashi yangu na inapendeza machoni.

Dalili zilikuwepo. Ya kwanza iliandikwa wazi: toleo la 16.04 liliomba GB 2, lakini hili la mwaka 2018 liliomba GB 4. Nilisoma, nikasema moyoni, "Itajikokota tu." Ya pili, RAM ilikuwa imeliwa sehemu kubwa hata kabla hatujafungua programu yoyote. Ya tatu, taa ya diski haikuacha kumemeta. RAM ikijaa, Linux huhamishia mzigo kwenye diski, na diski ya zamani ni kobe.

"Kaka, hii taa vipi?" karani aliniuliza.

"Itatulia," nikamjibu.

Siku ya kupima kakao, foleni ikiwa ndefu, alifungua jedwali la kilo pamoja na kivinjari. Mshale ukaganda. Akazima kwa kubonyeza kitufe, na kilo za asubuhi nzima, ambazo hakuwa amezihifadhi, zikapotea. Magunia yakarudi kwenye mizani.

Tulianza upya na antiX, mfumo wa Linux uliotengenezwa kwa ajili ya kompyuta za zamani pia. Debian yenye eneokazi, mfumo mwingine wa bure, huhitaji RAM zaidi.

Ndugu msomaji, tuandike kwanza amri ya free -h, inayoonyesha hali ya RAM, tusome safu ya "available". Ile ya "free" hutisha bure, kwani Linux huazima RAM isiyo na kazi. Wala tusidanganyane: mfumo mwepesi haufanyi kivinjari kiwe chepesi.

Laptop ile sasa inafanya kazi vizuri. Hata hivyo, karani huandika kilo kwenye daftari kwanza, ndipo aingize kwenye kompyuta. Simlaumu.