Haki ya Tuliocheza Nao Fimbo

Ndugu zetu, kirumbizi ni mchezo wa fimbo wa pwani yetu, wachezao wawili kwa mlio wa zumari na ngoma. Je, wale tuliocheza nao ujanani, na wazee waliotufunza kushika fimbo, wana haki juu yetu leo?

Wako wasemao: huo ulikuwa upuuzi wa utoto, umekwisha. Sisi hatusemi hivyo. Mwenye kukuinulia fimbo kisha akaizuia isikuumize amekufunza uaminifu kabla hujalisoma neno hilo chuoni. Na Mtume (s.a.w.), baada ya kufa Bibi Khadija, alikuwa akichinja kondoo huwapelekea sehemu marafiki wa mkewe, hakusema wakati umepita.

Basi vipi sisi twatoka Diani kwenda Msambweni, twapita mlangoni kwa mzee wetu wala hatupigi hodi, kisha siku ya maziko yake twagombea jeneza? Kuzika ni faradhi ya kifaya, wengine watatosha. Bali shukrani yako hapana mwingine wa kuilipa.

Nasi tumo katika lawama hii. Tulikawia miaka, tulipokwenda, mzee alitutambua kwa sauti tu, macho yamekwisha nuru.

Twendeni wangali hai. Mwenyezi Mungu atupe taufiki. Amin.