Kidole Kinapochagua Dhambi

Kijiji cha Mwamgongo, mkoani Kigoma, kiko kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na usafiri wake wa kawaida ni boti zinazotoka mwalo wa Kibirizi. Dagaa ndio wanaopanga saa za watu huko. Hufuata mwanga wa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitawala, taa hazivuti kitu na wavuvi hupumzika. Mwaka 2024 mapumziko yalikuwa marefu kuliko mazoea, kwani Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake wa ziwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Siku kama hizo, kijana mwenye simu na chaji ya sola anaweza kukutana na vitu ambavyo baba yake hakuwahi kuvisikia. Kimojawapo ni riwaya ya picha inayochezwa, tena ile iliyotungwa kwa ajili ya watu wazima.

Mchezo huu hauna mbio wala risasi za kukwepa. Picha ya mhusika husimama kwenye kioo, maneno hupita chini yake, muziki hulia. Kisha hadithi husita na kuuliza: umfuate mke wa rafiki yako, au urudi nyumbani? Useme kweli, au ufiche? Kidole kikigusa jibu, hadithi hushika njia hiyo. Tangu mwaka 2004 kuna programu ya bure iitwayo Ren'Py, ambayo imewawezesha hata watu wasio na kampuni kutunga michezo ya namna hii, nayo huweza kuchezwa kwenye simu.

Hadithi ya picha na maneno si ngeni Tanzania. Faraji Katalambulla, mtunzi wa riwaya ya Simu ya Kifo ya mwaka 1965, alitoa jarida la Film Tanzania, lililosimulia visa kwa picha za kamera. Baadaye likaja Sani na katuni zake, na vijana wengi walilisoma kwa kujificha. Lakini msomaji wa magazeti hayo alibaki shahidi. Mzinzi alizini bila kumwomba ruhusa, na msomaji alikuwa huru kumlaani huku akifungua ukurasa unaofuata. Katika mchezo, mzinzi hawezi kupiga hatua mpaka mchezaji akubali. Hapo ndipo linapozuka swali zito la dini: aliyechagua uzinzi ndani ya hadithi amefanya nini hasa?

Wapo wanaosema hakufanya lolote, kwa kuwa mwanamke yule ni mchoro. Wapo wanaosema amekwisha kuzini, na huegemea sura ya 5 ya Injili ya Mathayo, ambapo Yesu anaupeleka uzinzi moyoni, kwenye jicho linalotazama kwa kutamani. Majibu yote mawili yana haraka.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliligawa jambo hili kwa uangalifu mkubwa katika kitabu chake cha Ihya Ulum al-Din. Anamchukua mtu aliye njiani, ambaye linamjia wazo kwamba nyuma yake kuna mwanamke, na kwamba akigeuka atamwona. Wazo hilo ni hatua ya kwanza. Ya pili ni nafsi kuvutwa. Ya tatu ni moyo kuhukumu kwamba inafaa kugeuka, na ya nne ni kuazimia. Mbili za mwanzo mja haulizwi, kwa sababu hazimo katika hiari yake. Ya nne anaulizwa. Na akiacha kwa kumcha Mungu, huandikiwa jema. Augustino, Mwafrika wa Thagaste katika Algeria ya leo, naye alihangaika na ndoto zake. Katika kitabu chake cha Maungamo anauliza kama yeye aliyelala, anayekubali usingizini asiyoyakubali akiwa macho, ni yeye yule yule.

Mchezaji hana udhuru wa usingizi. Amegusa kioo akiwa macho. Hata hivyo alichoazimia si lazima kiwe uzinzi. Huenda aliazimia kuona usaliti unavyoivunja nyumba, kama hakimu anavyosoma jalada la kesi chafu. Mwingine anagusa jibu lile lile ili kuilisha hamu yake. Kidole hakiwatofautishi watu hawa. Kinachowatofautisha ni kurudi: yule aliyekwisha kuujua mwisho wa hadithi lakini bado anakwenda kwenye ukurasa ule ule kila usiku hatafuti tena maarifa, na kwa kipimo cha Ghazali yuko karibu sana na azma.

Nguvu ya michezo hii inaonekana vizuri katika Fate/stay night, iliyotoka Japani mwaka 2004. Katika njia yake ya tatu, kijana Shirou Emiya, aliyeapa kuokoa kila mtu, anakutana na msichana anayempenda ambaye akibaki hai wengi watakufa. Mchezaji lazima aamue. Darasa la falsafa linaweza kulijadili swali hilo mwaka mzima bila mtu kutokwa jasho. Hapa mtu ameishi na msichana huyo kwa kurasa nyingi kabla ya kuulizwa, na mkono unasita kweli.

Udhaifu nao umo humo humo. Anayechagua wengi, hadithi inamwishia upesi. Mtunzi alikwisha kuamua lipi ni jibu la kuendelea nalo. Na toleo la kwanza lilikuwa na matukio ya kitandani yenye wahusika wa umri wa sekondari, jambo lisilo na utetezi. Mwaka 2007, mchezo ulipotolewa upya kwa ajili ya PlayStation 2, matukio hayo yaliondolewa, na swali la Shirou halikupungua uzito hata kidogo. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayokataza kusambaza ponografia. Sheria hiyo inamhusu msambazaji, wala haiwezi kuingia kifuani mwa mchezaji.

Liko jambo linalotisha kuliko uchi, nalo ni namna mapenzi yanavyofundishwa. Katika michezo mingi ya aina hii, mwanamke ni mlango na majibu sahihi ni ufunguo. Akikasirika, mchezaji anarudi mahali alipoihifadhi hadithi, anabadilisha neno, na hasira haijawahi kuwapo. Toba ya kweli hudai zaidi ya hapo. Wanazuoni wa Kiislamu huweka masharti: kuacha, kujuta, kuazimia kutorudia, na pale ilipo haki ya mja, kuirejesha au kuomba radhi. Mkatoliki naye anajua kwamba maungamo hayamwondolei wajibu wa kurekebisha alichoharibu. Kijijini ambako watu wanapanda boti moja, aliyemdhulumu binti wa mtu ataketi ubao mmoja na kaka yake safari nzima mpaka Kibirizi. Mchezo hauna kaka.

Hauna hata mtu wa kukaa kando. Katika mabanda ya video, Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, alizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Sauti ya mtu ilisimama kati ya picha na watazamaji, nao walicheka na kubishana pamoja. Riwaya ya kuchezwa huchezwa peke yako, mara nyingi gizani. Mzazi, shehe au katekista anayeishia kumnyang'anya kijana simu anaondoka bila kujua kijana huyo alichagua nini na kwa nini.

Wala hakuna kinachomzuia mtunzi wa Kigoma kuandika mchezo wake mwenyewe kwa programu ile ile ya bure. Aweke mama muuza dagaa wa Kibirizi mwenye madeni yake, ibada yake na hiari yake. Ampe uwezo wa kukataa, na asiweke popote jibu la kuubadilisha ukataaji huo. Afute na kitufe cha kuhifadhi, ili aliyemdanganya mama huyo akutane naye mwaloni asubuhi inayofuata, na ile inayofuata tena.